Kona Isiyofagiwa

Nimegombana na mtu msibani, na si jambo la kujisifia. Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya shangazi yangu, nyumbani kwake Lipangalala. Asubuhi nilipotoka ndani nilimkuta jirani mmoja, Mama Rehema, ameinama nyuma ya jiko na fagio la chelewa, anamalizia kona iliyo karibu na migomba. Majani makavu, pumba za mpunga zilizooza, vijiti, maganda ya ndizi, vyote alikuwa amevizoa kwenye beseni tayari kuvitupa shimoni. Ardhi ilibaki tupu, mistari ya fagio imepangika vizuri juu yake. Kazi safi kabisa. Nikamfokea. "Nani amekutuma kufagia huku?" Sauti ilinitoka kubwa hadi wanaume waliokaa upande wa mbele wakageuza shingo.

"Pole, dada," akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. Wote walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini kilichonipanda kichwani, pamoja na harufu ya zile pumba zilizolowa, ilikuwa hasira, tena hasira ya zamani, ya tangu nipo darasa la tatu. Inahusu mavi ya kobe. Najua inavyosikika, lakini nisikilizeni kwanza.

Waliokulia Ifakara enzi zangu wanajua mambo yalivyokuwa. Mvua zikikaribia, nusu ya mtaa inahamia mashambani. Wazazi wangu walilima mpunga Michenga, na wakishafunga magodoro na masufuria yao kwenye baiskeli, ndiyo tumeagana hadi mavuno. Sisi wa shule tuliachwa mjini kwa ndugu. Mimi niliachwa kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto na ambaye dini yake, ukiacha ile ya Kikatoliki, ilikuwa usafi. Alifagia uwanja kabla ya jua kutoka na akaurudia kabla halijazama. Ungeweza kumwaga wali kwenye uwanja ule ukaula. Jani likidondoka yeye akiwa ameshika fagio, aliutazama mti kama mtu aliyemtukana.

Kwenye uwanja huo ndipo baba alipomleta kobe. Alikuja mjini mara moja kuchukua mbegu, na ndani ya kiroba alikuwa na kobe wa kahawia, mkubwa kiasi cha sahani ya mboga, ambaye gamba lake la nyuma lilikuwa na kiungo. Ukimgusa miguu ya nyuma, analishusha na kujifungia kama mtu anayefunga mlango. Nilicheka hadi nikakaa chini. Baba akaniambia, "Huyu ni wako. Mtunze vizuri. Nikirudi na mavuno nimkute mzima." Akapanda baiskeli, akaondoka.

Maneno ya kawaida ya mzazi anayeaga. Mimi nikayabeba nilivyoyabeba. Mwaka ule watu walikuwa wanaongea sana habari za maji kujaa bondeni, mitumbwi kupinduka, watu kulala juu ya madungu yao ya shambani maji yakipita chini. Kwa akili yangu ya miaka tisa nikayageuza yale maneno: kobe akiwa mzima, baba anarudi, na kobe akifa, baba harudi. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikilitamka tu, litatokea.

Tulimjengea zizi nyuma ya jiko, kwa matofali ya kuchoma yaliyobaki, ukuta wa kufika magotini. Chini tukamwaga pumba kutoka mashineni. Nikamletea mchicha, tembele, majani ya maboga. Hakugusa. Nilikuwa naukuta mchicha jioni umenyauka vilevile nilivyouweka, lakini kobe mwenyewe yuko imara, anazungukazunguka, anasukuma matofali na kichwa chake. Wiki ya pili au ya tatu, mvua zilipokolea, ndipo vilipoanza kuonekana vitu.

Kwanza uyoga. Ulichomoza kwenye pumba, mwembamba, wa kijivu, asubuhi upo na mchana umelala. Halafu mavi. Si mavi niliyoyatarajia kwa mnyama anayepewa mchicha. Yalikuwa meusi, kama kidole cha mtoto, yamejaa vipande vigumu vinavyong'aa, na pembeni yake pana ujiuji mweupe kama chokaa. Nilivichambua vile vipande kwa kijiti, na roho ikaniruka. Nilidhani gamba la kobe wangu linavunjika kwa ndani na anayatoa mapande yake kidogokidogo. Ule weupe nikaamua ndio mfupa unaoyeyuka.

Nikamwita shangazi. Shangazi akamwita Mzee Kasto.

Mzee Kasto alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alihamia kutoka upande wa Mahenge, akawa analima Katindiuka, lakini mtaani sifa yake ilikuwa uwindaji wa zamani. Alisoma nyayo, alisoma manyoya, na kwa bahati mbaya yetu alisoma mavi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba mjukuu" huku tayari amechuchumaa, kijiti mkononi. Akayapasua. Akayanusa. Akamwita shangazi asogee.

"Unaona hizi? Hizi ni pete za jongoo. Kobe anakula majani, kila mtu anajua. Mnyama anayekula jongoo huku kwetu ni fungo, yule kama paka mwitu anayetembea usiku. Mna fungo hapa."

"Mungu wangu," shangazi akasema. "Na kuku zangu je?"

"Ndio hao anaowafuata. Jongoo ni kitafunio tu. Fungo anapenda mahali pachafu, penye majani na uyoga uyoga kama hapa. Safisheni."

Kumwambia shangazi yangu kwamba nyumbani kwake kuna mahali pachafu! Hakulala vizuri tena mwanamke yule. Na mimi hadi leo najiuliza, watu wazima wawili, wenye macho, wamesimama mbele ya zizi lenye mnyama mmoja na mavi, wanatafuta mnyama mwingine wa kuyasingizia. Mzee Kasto hakukosea pete za jongoo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Alijua sana mavi, ila alikuwa amekwisha kuamua kobe anakula nini.

Ikawa sheria. Kila asubuhi kabla ya shule nizoe pumba zote, ning'oe uyoga wote, nifagie hadi udongo uonekane, na kila jongoo nitakayemkuta nimbane kwa vijiti viwili nikamtupe chooni. Shangazi alisimama nyuma yangu kukagua. "Na pale? Na yule chini ya tofali humwoni?" Nilikuwa namwona. Nilimtoa. Niliwatoa wote kwa mkono wangu, asubuhi baada ya asubuhi, halafu nampigia magoti Mama Maria ili kobe ale mchicha.

Kobe akaanza kulegea. Akawa anakaa mahali pamoja macho yamefumba. Nikimwinua, mwepesi. Nikimgusa miguu ya nyuma, mlango ule unashuka polepole, nusu, kisha anauachia. Shangazi, nisimwonee, alihangaika. Alimpondea ndizi mbivu, akamwekea wali, siku moja nikamkuta anajaribu kumnywesha uji kwa kijiko. Na mavi nayo yakakoma, maana mnyama asiyekula atatoa nini? Mzee Kasto alipopita na kuambiwa kwamba sasa zizi ni safi na mavi hakuna tena, alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. "Nilikwambia. Fungo amehama."

Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na hakuna aliyefagia. Siku ya tatu, mvua imekatika, nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja zizini na viatu vyangu vya tope. Uyoga ulikuwa umeota tena pembeni, kwenye majani ya mgomba yaliyodondokea ndani. Kobe alikuwa amesimama, amesimama kweli, shingo yote nje, na mdomoni ana jongoo. Jongoo mkubwa, mweusi, anajinyonganyonga. Kobe akambana, akaachia, akambana tena, na nikasikia ile sauti, kama mtu anayetafuna mfupa laini wa kuku. Akammaliza. Akajifuta mdomo kwa mguu wa mbele. Akageukia uyoga, akaula.

Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na mchana huohuo alinya mbele ya macho yangu. Meusi, yenye pete, na ujiuji mweupe pembeni. Nilifurahi kiasi kwamba sikufikiri. Niliyaokota kwa kipande cha jani la mgomba, ya moto moto, nikakimbia nayo hadi jikoni, ambako shangazi alikuwa anachambua mchele, na kwa haraka yangu nikaliweka lile jani pembeni ya ungo.

Kofi lilifika kabla sijafungua mdomo.

"Unaleta mavi ya fungo kwenye chakula?"

"Si ya fungo, shangazi. Ya kobe. Nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Kobe. Anakula jongoo. Na uyoga anakula. Nimemwona, shangazi, haki ya Mungu."

"Usiape kwa Mungu kwa ajili ya mavi. Mzee Kasto amewinda baba yako hajazaliwa. Leo wewe wa darasa la tatu umfundishe?" Akanipigisha magoti karibu na mafiga. Moshi wote uliniingia mimi.

Mtu yeyote angefikiri kwamba mtoto akisema "nimeona", mkubwa angalau angeenda kuangalia. Ni hatua kumi na tano kutoka jikoni hadi zizini. Kumi na tano! Badala yake aliitwa Mzee Kasto, na Mzee Kasto akalikagua lile jani, akatikisa kichwa. "Mabichi kabisa. Huyu fungo siku hizi anakuja hadi mchana. Ameshawazoea. Hapo dawa yake moja tu."

Jumamosi akaleta kichwa cha kambale, amekipasua na kukijaza unga mweusi wa dawa ya panya. Akakiweka katikati ya zizi. Juu akatandaza wavu mkuukuu wa kuvulia, kuku wasiingie, akasema yeye anawahi Katindiuka, jioni shangazi aufunue fungo apate njia.

"Na kobe, babu?" nikauliza.

"Kobe hali samaki, mjukuu."

Shangazi akajifunga kanga akaenda kwenye sala ya jumuiya. Mimi nikabaki peke yangu na kichwa cha kambale, na mnyama ambaye niliambiwa hali jongoo, akala jongoo, sasa naambiwa hali samaki. Alikuwa ameshatoa shingo. Nikafunua wavu, nikamchukua, nikamfunika kwa tenga la kuku karibu na kuni. Nikakaa juu ya tenga. Nilikuwa namwona baba juu ya dungu na maji yanapanda. Na kwa mawazo hayo nikasahau kuurudisha wavu.

Shangazi alikuwa na mtetea mmoja wa madoadoa, mwenye vifaranga tisa, aliyempenda kuliko watu wengi. Nilipogutuka, alikuwa ameshamaliza jicho na shavu la kambale. Hata nusu saa haikupita. Alianguka katikati ya uwanja uliofagiwa, miguu juu, na vifaranga vinamzunguka vinalia. Na shangazi akaingia getini, rozari bado mkononi.

Sitaeleza fimbo. Waliolelewa Ifakara wanazijua, na wasiolelewa huko watasema tulionewa, na sitaki ubishi. Alisema, "Umeniulia kuku wangu. Umefunua wavu kwa makusudi, kwa ubishi wako." Nikavumilia. Kisha akasema, "Na huyo kobe nampa mtu leo hii," na hapo ndipo nilipopasuka. Nilimpigia kelele mtu mzima kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Akifa baba harudi! Baba alisema amkute mzima! Akifa harudi!"

Fimbo ilisimama hewani. Shangazi akanitazama, kisha akaiweka fimbo chini. Alikwenda akainua tenga, akamchukua kobe kwa mikono miwili, akambeba hadi kona ya migomba, mahali takataka za uwanja zilipokuwa zinasubiri kupelekwa shimoni, akamweka juu ya majani. Akaja kuchukua kigoda, akapita mbele yangu bila kunitazama. Akakaa na kobe, amenipa mgongo.

Alikaa pale hadi jua likaanza kupungua. Vifaranga vikaja vikajificha chini ya kanga yake na hakuvifukuza. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, nafuta makamasi. Sikuona alichokiona. Nilisikia tu, wakati fulani, ile sauti ya kutafuna, na mgongo wa shangazi ukanyooka. Baadaye akainuka, akamzika kuku pamoja na kichwa cha kambale, akanawa mikono, akapika wali. Aliniwekea ukoko wote mimi. Lakini neno, hata moja, hakusema. Si "nilikosea", si "kumbe", wala lile neno dogo ambalo hata walevi wanaambiana baada ya kupigana, "yaishe". Nililingoja siku ile. Nikalingoja na kesho yake.

Jumatatu asubuhi nilisikia fagio lake kama kawaida. Lilifagia mbele, likafagia kando, likaja nyuma ya jiko, likafika karibu na migomba, likasimama. Nikachungulia. Shangazi aliitazama ile kona yenye majani, akageuka, akarudi zake. Na kesho yake vilevile. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Amenuna. Amenisusia mimi na kobe wangu na kona yetu, kama watu waliogombana wanavyosusiana kisima. Roho iliniuma, lakini kobe alikuwa ananenepa humo kwenye majani, ndani ya matofali ya zizi niliyoyahamishia huko, kwa hiyo nikasema basi, anune.

Baba alirudi na mavuno, mweusi, amekonda, mzima. Nilimkimbilia na kobe mikononi. Akampima uzito kwa kiganja, akacheka. "Hawa ukiwaachia uyoga na jongoo tu, wanaishi. Kule Michenga kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Nilimwangalia baba yangu mzazi. "Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Na shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake, akasema, "Tulishajua."

Tulishajua. Mnaona mambo yangu? Mzee Kasto naye hadi anaingia kaburini alikuwa anasimulia jinsi fungo wa mchana alivyouawa Lipangalala, na hakuna aliyemkatalia. Kobe alikaa nasi miaka kadhaa, hadi masika moja ukuta wa zizi ukabomoka na akajiondokea kuelekea mabondeni. Nikaenda sekondari, nikaenda mbali zaidi, nikaolewa. Kila nilipokuja kumsalimia shangazi niliukuta uwanja unang'aa, isipokuwa ile kona, imejaa majani na pumba, inanuka unyevu. Nilikuwa namtania kwamba anazeeka, fagio limemshinda. Anaguna tu. Na mimi moyoni nasema, mama huyu ana kinyongo, hadi leo amesusa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya matanga, nilipomaliza kumfokea Mama Rehema, yeye alikuwa bado ameshika fagio, hana hasira hata kidogo.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nimepafagia kwa sababu ya wageni. Ila ni kweli, mwenyewe hakuwa anataka. Mwaka juzi mgongo ulipomzidi nilikuwa nakuja kumfagilia, nikifika hapa ananizuia. Ananiambia hapo acha, hapo pa mwanangu."

"Mwanawe yupi?"

Mama Rehema akanishangaa. "Si wewe?"

Nilichukua beseni kutoka mikononi mwake, nikaenda nalo kwenye kona, nikayamwaga majani, na pumba, na vijiti, na maganda ya ndizi, nikavitandaza kwa mkono hadi ule mchoro wa fagio ukapotea. Jongoo mmoja akajikunja kwenye kiganja changu nikamweka chini. Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona, mwacheni, ni huzuni. Hasira bado nilikuwa nayo, miaka yote ile mtu anashindwa kufungua mdomo aseme neno moja, kila siku anapita hapa na fagio ananionyesha na mimi sioni. Nikachuchumaa pale alipokaa na kigoda chake.

"Haya, shangazi," nikasema. "Yaishe."